Gia zinagoma kuingia kwenye Impreza WRX ya manyuo: anzia kwenye pedeli kabla hujakubali giaboksi ishushwe

Kama una Impreza WRX ya gia tano, asubuhi unakanyaga klachi mpaka chini na gia namba moja inakataa, unasukuma inakataa, ukijaribu rivasi inalia krrrr mpaka majirani wanachungulia dirishani, basi kuna sentensi moja ya gereji usiikubali siku hiyohiyo: "giaboksi imekufa, tushushe." Mi niliikubali. Giaboksi yangu ilishushwa hapahapa Mbeya ikafungwa nyingine used ya Japani, nikalipa giaboksi, nikalipa ufundi, nikalipa oili, na siku ya tatu natoka Igurusi nafika pale Mlima Nyoka gia namba mbili ikagoma vilevile kama mwanzo. Kumbe shida ilikuwa raba ya ndani ya masta ya chini ya klachi, kitu unakibeba kwa vidole viwili. Giaboksi yangu ya kwanza ilikuwa nzima kabisa na nishaiacha kulekule gereji maana niliambiwa ni chuma chakavu. Inaniuma mpaka leo, na ndo sababu naandika hii ndefu hivi, sitaki mtu mwingine wa huku nyanda za juu apite njia ile.

Aliyenitoa gizani ni mzee mmoja fundi wa Iringa, nilifika kwake nimekata tamaa. Nikamsalimia shikamoo, akajibu marahaba, akaniuliza gari imefanyiwa nini, nikamwelezea kila kitu. Hakuchukua spana. Akaingia kwenye kiti, gari imezimwa, akakanyaga klachi akapita moja, mbili, tatu, nne, tano, rivasi, zote zikaingia laini kama kisu kwenye parachichi. Akawasha, akajaribu tena, zikagoma. Akanigeukia akaniambia, "Mwanangu, giaboksi haijui kama injini imewaka au imezimwa. Klachi ndo inajua."

Hilo ndo jaribio la kwanza na halina gharama, kwaiyo lifanye leo kabla hujampigia fundi yeyote. Paki sehemu tambarare, zima gari, kanyaga klachi pita gia zote. Afu washa, iache silensa (injini inaunguruma yenyewe bila kukanyaga mafuta), kanyaga klachi pita tena zote. Zikiingia vizuri gari ikiwa imezimwa na kugoma ikiwaka, klachi haiachii. Zikiwa ngumu hali zote mbili, hapo angalia liva ya gia, viungo vyake vya chini, oili, au ndani ya giaboksi. Ikiwa gia moja tu ndo inakwaruza na zingine ziko poa, hilo ni jambo la tatu tofauti kabisa. Usichanganye hizi tatu maana kila moja ina njia yake.

Imezimwa zinaingia, imewaka zinakataa

Hapa ntakaa sana kwa sababu kwa ninavyoona wengi wetu ndo tupo hapa.

Fuata mnyororo wenyewe. Ukikanyaga pedeli, kijiti cha pedeli kinasukuma masta ya juu, masta ya juu inasukuma fluidi kwenye bomba mpaka masta ya chini iliyokaa juu ya giaboksi, masta ya chini inasukuma uma, uma unavuta rilizi beringi, beringi inavuta presha pleti na hapo klachi pleti inaachia flaiwili, lile gurudumu zito linalozungushwa na injini. Popote kwenye mnyororo huo ukipoteza milimita chache, pleti haiachii yote, inaendelea kusuguana na flaiwili, na shafti ya kuingilia giaboksi inaendelea kuzungushwa na injini wakati we unataka isimame. Sinkronaiza kazi yake ni kulinganisha mwendo wa shafti hiyo na mwendo wa gia unayotaka, sasa kama injini bado inaizungusha, kile kipete kidogo kinashindana na injini nzima. Kitashindwa tu. Na ukilazimisha kila siku kinaisha kweli, ndo hapo klachi ya hela ndogo inakuja kukuulia giaboksi ya hela kubwa.

Kuhakikisha kwamba klachi haiachii kuna njia mbili. Ya kwanza, gari ikiwa silensa kanyaga klachi mpaka chini, usiguse gia, hesabu taratibu mpaka tano, afu weka rivasi. Baada ya sekunde hizo ndani ya giaboksi mambo yanatakiwa yawe yametulia. Ikilia hata baada ya kusubiri, kuna kitu bado kinazungushwa. Ya pili, uwe na nafasi mbele ya kutosha na pasiwe na mtu wala ukuta: zima gari, weka namba moja, kanyaga klachi mpaka mwisho, toa hendibreki, piga stata. Gari ikitaka kusogea yenyewe wakati mguu wako uko chini kabisa, klachi inashika. Kuna wanaopenda kunyanyua magurudumu wakaangalia kama yanazunguka, ila kumbuka hii gari inavuta magurudumu yote manne, ukinyanyua ya mbele tu ukaweka gia inaweza kuruka kwenye jeki ikakumaliza. Kama huna stendi nne imara achana nalo kabisa.

Sasa unaanzia wapi? Anza miguuni. Huku kwetu kwenye baridi watu wanapenda kuongeza zulia juu ya zulia, nimeona gari ya jamaa wa Makambako ina zulia la kiwandani, juu yake la raba, juu yake tena kipande cha kapeti ya sebuleni, na pedeli ilikuwa haifiki chini. Tulitoa kapeti, gia zikaingia. Naeleza kitu nilichokiona kwa macho, kwaiyo usione aibu kuanzia hapo.

Baada ya zulia ingiza kichwa chini ya dashibodi na tochi, angalia pale kijiti cha pedeli kinapoingia kwenye masta ya juu. Pitisha kidole. Pakiwa na unyevu wa mafuta, masta ya juu inavuja kuja ndani, na mara nyingi zulia upande wa juu linakuwa limelowa na rangi ya chuma cha pedeli imebanduka, maana fluidi ya breki inakula rangi. Ukiwa hapohapo mwambie mtu akanyage kwa mkono taratibu uangalie kama chuma kinachobeba pedeli kinapinda au kina mpasuko.

Toka nje ufungue boneti. Kikopo cha klachi ni kile kidogo, cha breki ni kile kikubwa, kila mfumo una kikopo chake. Fluidi ikiwa chini imeenda mahali, haiyeyuki. Ikiwa nyeusi kama kahawa, raba ndani zinalika na ule weusi ndo raba yenyewe.

Masta ya chini iko chini ya intakula (kile kipoza hewa ya turbo), kwaiyo itoe intakula, ni bolti chache na mabomba, fanya injini ikiwa imepoa maana turbo iko jirani pale. Utaiona masta imekaa juu ya giaboksi, kijiti chake kimeingia kwenye kofia ya raba kinasukuma uma. Sasa vuta ile kofia ya raba nyuma taratibu kwa ncha ya kidole. Ikiwa kavu au ina vumbi tu, sawa. Ikichuruzika fluidi, umeipata. Yangu mzee alipoivuta ilimwaga kama kijiko kizima cha maji meusi kwenye kiganja chake, akaninyooshea mkono niangalie, hakusema neno. Mi nikakaa chini kwenye tairi.

Ukikuta kavu usikimbilie kusema klachi nzima, kuna ugonjwa mwingine hauvuji nje. Mtu mmoja akae ndani akanyage mpaka chini ashikilie kama nusu dakika bila kuachia, wewe weka jicho kwenye kile kijiti cha masta ya chini. Kikitoka na kubaki palepale, vizuri. Kikitoka afu kikaanza kurudi polepole wakati mguu bado uko chini na hamna tone linalomwagika popote, basi raba ya ndani ya masta ya juu inapitisha, fluidi inazunguka humohumo ndani. Ugonjwa huu dalili yake barabarani ni kwamba ukikanyaga haraka ukaweka gia inaingia, ila ukisimama kwenye foleni pale Mafiati au Kabwe mguu uko kwenye klachi na namba moja imo, gari inaanza kunyapia kwenda mbele. Kama unalijua hilo tukio, ni masta ya juu.

Na je ukipampu pedeli mara mbili tatu gia zinaingia? Hapo kuna upepo kwenye mfumo, au raba zimechoka, au vyote viwili. Upepo hauingii wenyewe kwenye mfumo usio na tatizo, kwaiyo ukiutoa leo na keshokutwa umerudi usiendelee kuutoa, tafuta pa kuingilia.

Kuna hii ya kupanda milima ambayo sisi wa huku tunaifahamu zaidi ya watu wa pwani. Asubuhi gari nzuri, gia zinateleza, unafika Kitonga uko nyuma ya malori mwendo wa mtu anayetembea, moja mbili moja mbili, ukifika juu Ilula pedeli imekuwa laini na gia ngumu, ukipumzika saa nzima inarudi kawaida. Fluidi ya breki inafyonza unyevu wa hewa kadri inavyokaa, na yenye maji inachemka mapema kuliko mpya, inatengeneza mvuke ndani ya bomba, na mvuke unabonyea wakati fluidi haibonyei. Masta ya chini imekaa karibu na turbo na bomba lake la moshi kwaiyo joto halina pa kwenda wakati gari haitembei. Badilisha fluidi yote. Kama bado, shika lile bomba la raba linaloingia kwenye masta ya chini wakati mtu anakanyaga, likivimba mkononi kama puto limeshachoka.

Kutoa upepo kwenyewe: weka fluidi ya breki ya DOT 3 au DOT 4 ya chupa iliyofungwa, sio ile iliyobaki kwenye chupa ya soda chini ya meza ya gereji. Bomba la plastiki linaloonyesha ndani kwenye nipo (skrubu ya kutolea upepo) ya masta ya chini, upande wa pili kwenye chupa yenye fluidi kidogo. Mtu anakanyaga anashikilia, unafungua nipo, inatoka, unafunga, ndo anaachia. Akiachia kabla hujafunga mmerudisha hewa yote ndani mnaanza upya. Pedeli inaweza kubaki chini sakafuni, ni kawaida kwa hizi gari wakati wa kazi hii, ivute kwa mkono. Kila mara chache ongeza kikopo kisikauke. Na tafadhali sana mtu asikuwekee oili ya stelingi au oili yoyote ya injini mle ndani eti fluidi imeisha dukani, raba za huu mfumo zikikutana na oili ya aina hiyo zinavimba na utabadilisha masta zote mbili na bomba juu.

Ukinunua masta ya chini, nenda na ya zamani mkononi. Klachi ya WRX nyingi za zamani inavuta beringi, WRX za baadaye na Impreza nyingi zisizo na turbo zinasukuma, spea zake sio moja hata kama muuzaji anakuambia Impreza ni Impreza tu.

Sasa kama kijiti kinatoka vizuri, kinakaa, hamna upepo, fluidi mpya, na bado klachi haiachii, hapo ndo ugonjwa uko ndani ya kengele, lile kasha la mbele ya giaboksi linalofunika klachi, na giaboksi lazima ishuke kweli. Uma unaweza kuwa umepasuka, utakuta kijiti kinatembea ila uma unapinda badala ya kuvuta. Pailoti beringi, ile ndogo katikati ya flaiwili, ikikamata inazungusha shafti hata klachi ikiachia mia kwa mia, na hii imewasumbua wengi sana maana wanabadilisha klachi wanaiacha ile beringi kwa sababu inaonekana ndogo. Gari iliyolala miezi, hasa huko Tukuyu ambako mvua haina likizo, pleti inaweza kushikana na flaiwili kwa kutu, yenyewe utaijua kwa sababu jana ilikuwa nzima na leo baada ya kulala muda mrefu haiachii kabisa hata kidogo.

Imetoka kufungwa klachi mpya na ndo imeanza

Hii fupi ila imewaliza watu. Beringi ya WRX yenye klachi ya kuvuta ina klipu inayobana kwenye presha pleti, na baada ya giaboksi kurudi juu lazima uvute uma mpaka usikie imebana, tak. Isipobana pedeli inakuwa nyepesi bila uzito wowote na hamna kinachoachia. Sababu nyingine za baada ya ufundi ni pleti kufungwa kinyume, au flaiwili haikusafishwa grisi, au fundi alilazimisha kushusha giaboksi bila kuchomoa ile shafti ya uma kwanza. Ile shafti inatolewa kwa kufungua kizibo kilichoko ubavuni mwa giaboksi, unaingiza bolti ndogo unaivuta nje. Fundi asiyejua hicho kizibo atapiga nyundo. Muulize kabla: "Kaka, shafti ya uma unaitoaje?" Akikuonyesha kizibo mwachie gari.

Ngumu hata gari ikiwa imezimwa

Shika liva ya gia ikiwa nyutro uitikise kushoto kulia. Ikicheza kama mwiko kwenye sufuria tupu, bushi zimeisha. Kutoka kwenye liva kuna fimbo inaenda mbele mpaka giaboksi, kuna kiungo chenye bushi na pini, na kuna fimbo nyingine ya kushikilia yenye bushi yake nyuma. Vyote viko juu ya propela karibu na bomba la moshi, joto linakausha raba, tope la masika linamalizia. Mtu mmoja chini na tochi, mwingine juu anasukuma liva, unaangalia ni wapi liva inatembea na fimbo haitembei, hapo ndo ugonjwa. Dalili zake ni gia kutojulikana iko wapi, unatafuta tatu unapata tano, rivasi mpaka uitafute kwa kubembeleza. Bushi mpya gari inarudi kama imetoka melini, na ndo matengenezo ninayoyapenda kuliko yote kwenye hii gari kwa sababu kila ukigusa gia unayasikia mkononi.

Baridi nayo. Juni na Julai ukiwa Njombe au Makete ambako nyasi zinaamka nyeupe kwa barafu, gia ngumu kwa kilomita mbili tatu za kwanza afu zinalainika, mara nyingi ni oili nzito tu. Uliza kilichomo. Kuna mafundi wanaweka oili namba 140 eti inapunguza kelele. Hii giaboksi inataka 75W-90 ya GL-5 (GL ni daraja la oili ya gia), karibu lita tatu na nusu, na ina kijiti chake cha kupimia kule nyuma ya intakula upande wa kulia, wengine wamemiliki gari miaka hawajawahi kukiona.

Kuhusu GL-5 niseme vizuri maana ubishi wake hauishi. Utaambiwa GL-5 inakula shaba ya sinkronaiza weka GL-4, na kwa giaboksi nyingi zilizotengenezwa kwa GL-4 ushauri huo una ukweli wake. Lakini kwenye Subaru ya manyuo difu ya mbele iko ndani ya kasha lilelile la giaboksi na inaogelea oili ileile, na meno ya difu yanasuguana kwa mgandamizo mkubwa unaohitaji kinga ya GL-5. Ukiweka GL-4 kuokoa sinkronaiza unaua difu. Na fundi aliyezoea Subaru za otomatiki anaweza kukuambia difu ina oili yake pembeni, ni kweli kwa otomatiki, sio yako.

Gia moja tu ndo inakwaruza

Mbili au tatu mara nyingi, hasa ukibadilisha haraka injini ikiwa juu. Hapa klachi haina kesi, kama ingekuwa klachi zingekwaruza zote. Fanya dabo klachi: toka gia unayotumia kwenda nyutro, achia klachi, kama unashuka gia piga resi kidogo, kanyaga tena, weka gia. Ikiingia bila kelele kwa njia hiyo na bila hiyo inakwaruza, pete ya sinkronaiza ya gia hiyo imeisha, kwa sababu umeifanyia kazi yake kwa mguu na ikakubali. Unaweza kuishi nayo muda mrefu ukiendesha kwa kuiheshimu. Ninachoomba usifanye ni kusukuma kwa nguvu juu ya kelele, kile kinachosagika ni meno ya kushikia gia na yakishaisha dabo klachi haitakusaidia.

Kabla ya kukubali kufungua ingawa, badilisha oili kwanza uangalie iliyotoka. Smaku ya kizibo cha kumwagia oili ikiwa na uji mweusi laini ni kawaida ya umri. Oili ikimetameta rangi ya dhahabu ukiiangalia juani, hiyo ni shaba ya pete. Vipande vya chuma unavyoweza kuvishika na kuvihesabu, usiendeshe tena hata mpaka sokoni. Oili ikiwa kama chai ya maziwa maji yameingia.

Inaingia vizuri afu inachomoka

Unakanyaga mafuta iko namba tatu, unaachia, liva inaruka nyutro. Kila mtu atasema giaboksi, na inawezekana, lakini angalia kwanza kile chuma kifupi chenye raba mbili kinachoshika giaboksi na ukuta unaotenga injini na ndani ya gari, kiko hapohapo chini ya intakula, na maunti ya giaboksi chini, ile raba inayoibeba. Raba zikipasuka injini na giaboksi vinabembea mbele na nyuma kila ukikanyaga na kuachia, liva imefungwa kwenye bodi, kwaiyo giaboksi inaikimbia liva na gia inatoka nusu. Dalili ya wazi ni liva kuruka mkononi kila unapoachia mafuta. Watu wa rali wa Iringa hicho chuma wanakibadilisha mapema kabisa na cha raba ngumu. Sponji au ngozi ya liva iliyokazwa sana nayo inaweza kuivuta, toa uendeshe bila hiyo siku moja. Ikiwa vyote hivyo vizima na gia ileile moja inachomoka kila ukishuka mlima kwa injini, hapo uma wa ndani au meno ya kushikia yamelika, na hiyo ni kazi ya kufungua.

Kelele inayobadilika na klachi

Kelele ikiwepo silensa nyutro mguu ukiwa juu, na ikikata ukikanyaga klachi, ni beringi ya shafti ya kuingilia giaboksi. Ikiwa kinyume chake, kimya mguu juu na inaanza kulia ukikanyaga, ni rilizi beringi au pailoti. Pedeli ikiwa nzito yenye kukwama kwama katikati ya safari yake, rilizi beringi inatembea kwenye bomba la alumini lililoko mdomoni mwa giaboksi na lile bomba likilika linakuwa na mifereji, beringi inajikwaa humo. Ukiweka klachi mpya juu ya bomba lenye mifereji baada ya muda unarudi palepale.

Kwaiyo siku giaboksi ikishuka kihalali, simama pale. Pitisha ukucha kwenye hilo bomba usikie kama kuna mfereji. Zungusha pailoti beringi kwa kidole, ikikwaruza au ikigoma itoke hata kama haiko kwenye bajeti. Angalia uma pande zote mbili kwa tochi kama una ufa. Angalia uso wa flaiwili kama una madoa ya bluu na mipasuko. Piga picha kila kitu kwenye simu. Na chochote kinachotolewa kwenye gari yako, hata ukiambiwa ni chuma chakavu, kiweke kwenye buti uondoke nacho.

Giaboksi ikisharudi juu, kabla intakula haijafungwa, mwambie dogo akae ndani akanyage klachi ashikilie nusu dakika, na wewe mwenyewe weka jicho kwenye kile kijiti cha masta ya chini.